Waachie Mazombi Mlango

Mgeni wa gemu ya kompyuta ya 7 Days to Die utamtambua kwa nyumba yake. Ana kuta nne nene, hakuna dirisha, mlango kauziba kwa mawe, ngazi kaivunja baada ya kupanda. Ukimuuliza mazombi watampata vipi, anakwambia kwa fahari, hawana pa kuingilia. Ngoja saa nne usiku ifike. Kabla hata usiku haujafika katikati, jamaa yuko chini, nyumba iko juu yake, na anaandika kwa herufi kubwa kwamba gemu hii haina haki.

Haki ipo. Aliyoijenga ndiyo nyumba mbaya kuliko zote.

Kwa msiojua, nieleze kwa ufupi. Mchezo huu umetengenezwa na The Fun Pimps, kampuni ndogo ya Texas, Marekani. Walianza kuuuza kwenye duka la mtandaoni la Steam Desemba 2013 ukiwa haujakamilika, wakaendelea kuutengeneza mbele ya wanunuzi wao zaidi ya miaka kumi, mpaka Julai 2024 walipokubali kuuita toleo la 1.0. Uko peke yako, au na wenzako, katika nchi iliyoungua baada ya vita vya nyuklia. Ramani yao ya asili inaitwa Navezgane, ipo Arizona. Ulimwengu mzima umejengwa kwa bloku: udongo, miamba, nyumba za watu waliokufa, barabara, vyote vinachimbika na vyote vinabomoka. Mchana unaokota makopo ya chakula na vyuma chakavu, usiku unajificha. Na kila siku ya saba mwezi unakuwa mwekundu. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri mazombi wote wanajua ulipo, popote ulipo, na wanakuja mbio. Kwa mpangilio wa kawaida siku nzima ya gemu ni saa moja ya ukutani, kwa hiyo hizo saa sita za mwezi mwekundu ni robo saa tu. Ni robo saa ndefu sana.

Zamani ilikuwa rahisi. Ulichimba shimo mpaka ukafika mwambani, ukajifunika, ukalala. Mazombi walizungukazunguka juu ya kichwa chako kama waliosahau walichotumwa. Mwisho wa mwaka 2018 likaja toleo la Alpha 17, na siku hiyo waliojichimbia wote waliamshwa. Zombi mpya alikuwa anajua kuchimba. Zaidi ya hapo, alikuwa anajua hesabu. Malalamiko yalikuwa makubwa, na kejeli iliyoenea ni kwamba maiti wamerudi kutoka chuo cha uhandisi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na ukishaielewa unaacha kuogopa. Zombi anatafuta njia ya gharama ndogo kutoka aliposimama hadi ulipo. Kutembea mahali pa wazi ni karibu bure. Bloku iliyomzuia ina gharama, na gharama hiyo inafuata uhai wa bloku. Katika matoleo ya karibuni bloku ya mbao ina uhai wa 500, ya mawe 1500, ya zege 5000, ya chuma 10000. Sasa mchukulie zombi aliye mbele ya ukuta wako wa zege, na upande wa pili wa nyumba, baada ya kuzunguka na kupanda ngazi, pana kijia kilicho wazi. Atazunguka. Atapishana na ukuta wako bila kuugusa, apande ngazi kwa adabu, afuate kijia, aje mpaka mbele ya mtutu wa bunduki yako. Ukuta haukumzuia kwa nguvu zake. Ulimtajia bei, akaona kule kwingine ni nafuu.

Na pasipokuwa na kwingine? Hapo ndipo mgeni wetu anapoanguka. Zombi asiyeona njia kabisa hakati tamaa wala harudi nyumbani. Anaingia katika hali nyingine, ya kuvunja chochote kilicho karibu naye. Halengi mlango tena. Anapiga ukuta, anapiga nguzo, mwenzake anapiga kona ile, wengine wanachimba chini ya msingi. Wewe uko ndani huoni kitu, kwa sababu hukuacha dirisha. Unasikia tu vishindo kutoka pande zote na hujui ukimbilie wapi na nyundo.

Kisha kuna uzito. Mchezo huu unahesabu ni bloku gani inabebwa na ipi, na kila bloku ina kiasi inachoweza kuning'iniza pembeni yake kabla haijakatika. Mbao hubeba kidogo, zege zaidi, chuma zaidi ya hapo. Ukuta ukitobolewa katikati hauna hasara kubwa. Nguzo mbili za chini zikiondoka, paa lote linashuka kwa mkupuo mmoja, pamoja na masanduku, pamoja na wewe. Nimeshaona jengo la ghorofa nne la mtu mwingine likimalizika namna hiyo, na sauti yake ni ya kuchekesha ukiwa mbali.

Kwa hiyo mimi na binamu yangu tunajenga nyumba yenye njia. Binamu yuko Muscat, mimi niko Mombasa, na ulimwengu wetu uko kwenye kompyuta yake kwa sababu umeme wa kwao haukatiki katikati ya vita. Wa kwetu una tabia zake. Usiku mmoja nilizimikiwa ikiwa imebaki saa moja ya gemu kupambazuka. Simu ikaita hapo hapo.

“Dada, umekimbia?”

“Giza, mwanangu. Mtaa mzima.”

“Basi kaa kwenye simu unisimulie wanakuja kutoka wapi, unavijua vijia vyako.”

Aliokoka, na hakuacha kunikumbusha. Ila ona alichoniomba. Aliweza kuomba hivyo kwa sababu jibu lilikuwepo: wanakuja kutoka ngazi ya mashariki, wote, kila mara. Ningekuwa nimejenga lile sanduku lisilo na mlango, nisingekuwa na la kumwambia.

Boma lenyewe liko hivi. Tunachagua uwanja tambarare, mbali na nyumba tunayoishi. Tunasimamisha nguzo nene za zege, na juu yake, urefu wa bloku tano au sita kutoka chini, tunaweka chumba kidogo cha kutosha watu wawili kugeuka. Mbali kidogo na chumba tunajenga ngazi ya kupanda kutoka ardhini. Ngazi inaishia kwenye kijia chembamba cha bloku moja kinachoelekea chumbani. Mbele ya chumba tunaweka grili za chuma kama zile za madirisha ya mjini, ili risasi ipite na mkono usipite, na katikati ya grili mlango. Mlango huo lazima uwe dhaifu kuliko kila kitu kingine kwenye boma. Ndio unaowaita. Ukibadilisha kila kitu kuwa chuma ukasahau kwamba mlango nao sasa ni chuma kizito, bei imepanda kila mahali, na zombi ataanza tena kuziangalia nguzo.

Kijia chembamba kina kazi yake. Wakija mia, wanaokufikia ni mmoja mmoja. Ukimpiga wa mbele akayumba, anaanguka pembeni. Kuanguka hakumuui, na hapo kuna hatari ndogo, kwa kuwa baadhi ya walioanguka hupandwa na hasira wakapiga kilicho karibu kabla ya kukumbuka ngazi. Ndiyo sababu nguzo zetu ni nene kuliko inavyohitajika na hazikusimama moja kwa moja chini ya kijia. Tumezisogeza. Wanaoanguka wanaanguka kwenye uwanja mtupu uliotandazwa vigingi vilivyochongoka na seng'enge, wanajikwaa, wanapunguzwa nguvu, kisha wanazunguka kwenda kupanda upya. Mmoja huweza kuipanda ngazi ile mara tatu kabla hajafa, na kila safari anakuja akiwa nusu ya alivyokuwa.

Anayeishi Mombasa ana mahali pa kwenda kulitazama jambo hili likiwa limejengwa kwa mawe ya kweli. Ngome ya Yesu ilianzwa na Wareno mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Watalii huangalia unene wa kuta. Wewe angalia zile pembe zinazotokeza nje. Zimewekwa ili aliyesimama kwenye pembe moja aweze kuupiga ubavu wa ukuta wa jirani yake, na adui aliyefika chini ya ukuta asipate hata hatua moja ya kujibanza. Baada ya kwenda pale nilirudi nikabadilisha chumba chetu. Badala ya kukaa wote wawili nyuma ya grili tukitazama mbele, binamu sasa ana kibanda chake pembeni, akikiona kijia kwa ubavu. Risasi yake hupita kwenye mstari mzima wa vichwa, yangu inampiga wa mbele tu. Na ngome ile ilipozingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na maradhi na njaa kuliko mizinga. Binamu anapenda sana sehemu hii ya hadithi, kwa sababu anaishi Oman na anauona ushindi ule ni wa kwao. Mimi huwa namuuliza kama amehesabu risasi na bandeji kabla ya saa nne, anyamaze.

Watengenezaji nao hawakulala. Ukiwaangalia mazombi wao kwa aina, kila mmoja ni jibu kwa ujanja fulani wa mjenzi. Umepanda juu sana? Yupo zombi buibui anayeruka. Umekaa nyuma ya grili ukidhani mkono haukufikii? Yupo yule askari mnene anayetema asidi kutoka mbali, na akikaribia kufa hulipuka. Umeacha paa wazi ili uone nyota? Tai wanashuka. Umeamua kutojenga kabisa, usiku mzima unazunguka na pikipiki? Tai hao hao wanakufukuza wewe kwanza, na huwaachi. Mwaka 2019, katika Alpha 18, wakamleta anayeitwa demolisher, mwenye vilipuzi kifuani na kitaa kidogo. Ukimpiga pale kwenye kitaa anaanza kulia bipu, bipu, bipu, na baada ya hapo kijia chako hakipo. Huyu lazima apigwe kichwani, kwa utulivu, na mtu asiyetetemeka. Kwetu mtu huyo ni mimi. Binamu akiona kile kitaa hufyatua kila alichonacho.

Demolisher ndiye pia anayefichua kasoro ya falsafa yangu yote. Njia moja maana yake ni kwamba ikikatika, huna njia, na nimeshasema bila njia nini hufuata. Kwa hiyo kijia chetu kina bloku zilizorudufiwa kwa chini, na kabla usiku haujaanza tunaweka bloku za akiba kwenye mkanda wa zana ili kuziba pengo haraka. Kuziba kijia chini ya mwezi mwekundu, huku mmoja anafyatua na mwingine amening'iniza mwili nje ya grili na nyundo, ni furaha ambayo siwezi kumweleza mama yangu.

Jambo jingine linalowachanganya wageni ni ukubwa wa jeshi. Mchezo hupima umefika kiwango gani na umeishi siku ngapi bila kufa, ukachanganya, ukakuletea wageni wanaokustahili. Ukicheza na mwenzako vipimo vyenu huunganishwa. Ndiyo maana boma lililokutosha ukiwa peke yako halikutoshi siku rafiki yako alipojiunga na bunduki zake nzuri. Yeye kaja na bunduki, na kaja na umati wake mwenyewe. Binamu aliwahi kumkaribisha mwenzake wa kazini, mtu wa kiwango cha juu, mkarimu, akatugawia silaha ambazo hatujawahi kuzishika. Usiku ule tulizitumia zote.

Kuhusu kuishi mbali na boma la vita, wengine huona ni uvivu au woga. Mimi naona ni akili ya kawaida. Kila tanuru la kuyeyushia chuma, kila jiko, kila mlio wa bunduki huongeza joto la mahali pale katika hesabu za gemu, na joto likijaa anatumwa mwanamke mmoja aliyekonda, mwenye nywele za kutisha, kuja kuchungulia. Akikuona anapiga ukelele, na ukelele huo unaita wengine, hata kama ni Jumatatu ya amani. Nyumba yenye matanuru manne ina wageni wa namna hiyo mara kwa mara. Sasa nyumba hiyo hiyo ndiyo uipeleke pia kwenye mwezi mwekundu, na masanduku yako yote yamo ndani? Tunaishi katika kituo cha zima moto cha zamani. Tunapigana kwingine. Kukipambazuka tunarudi nyumbani kwa miguu, na vyombo viko pale pale.

Kuna ubishi wa miaka mingi kuhusu haya ninayoyaandika. Wapo wanaosema kumjengea zombi njia ni udanganyifu, kwamba unacheza na programu badala ya kucheza na hofu. Hoja yao ina uzito pale mtu anapofika kwenye yale maboma ya hila, ambamo kijia kinaonekana kimetimia kwenye hesabu ya zombi lakini kimwili hakipitiki, basi wanaanguka, wanapanda, wanaanguka, usiku kucha, na mwenye nyumba anakunywa chai. Watengenezaji wamekuwa wakiziba hila hizo toleo baada ya toleo, na wajenzi wanapata nyingine. Mimi sizijengi. Hazinikeri kwa sababu za dini, zinachosha. Lakini kumwachia adui mlango ulio mbele ya bunduki yako? Huo ndio ujenzi wenyewe. Anayeita hilo udanganyifu ajiulize kwa nini yeye anaweka vigingi mahali fulani na si kwingine. Naye anabahatisha watakakopita. Mimi nimeamua watakakopita, hiyo ndiyo tofauti.

Nitakubali jambo moja upande wao. Hofu hupungua. Ukiwa ndani ya sanduku la mgeni, ukisikia vishindo pande zote, gemu hii ni ya kutisha kwelikweli. Ukiwa nyuma ya grili ukiwapokea mmoja mmoja, unaanza kuona usiku kama zamu ya kazi. Dawa yake tuliyoipata ni kuongeza kasi ya mazombi kwenye mpangilio na kupunguza risasi tunazobeba. Binamu alipendekeza pia tuzime taa za kijia. Tulijaribu. Taa zimerudi.

Sasa hivi tumekwama kwenye umeme. Ninataka kijia kizungushiwe waya wa umeme, kwa sababu zombi akigusa waya anaganda akitetemeka, na aliyeganda kwenye kijia chembamba amewafungia njia wote walio nyuma yake. Juu ya hapo nataka mapanga yanayozunguka, na bunduki mbili zinazojilenga zenyewe kwenye kona ya kibanda cha binamu. Yote hayo yanaendeshwa na jenereta, na jenereta inakunywa petroli ambayo yeye anaitaka kwa pikipiki yake. Anasema nikishaweka mashine hizo zote, sisi tutakuwa tunafanya nini pale juu. Pia anasema waya ukimgandisha mmoja kijiani, wa nyuma wataona njia imezibwa na wataanza kutafuta nguzo. Ninamjibu kwamba zombi hawahesabii wenzao kama ukuta, wanahesabu bloku. Hajaamini. Tumekubaliana nifunge waya kwenye nusu ya juu ya kijia tu, jenereta ikae chini ya ulinzi wake, na nguzo za mashariki ziongezwe safu moja ya zege endapo yeye ndiye aliye sahihi. Zege la kuzijaza nguzo ni jukumu lake, na mpaka naandika hapa hajachota hata ndoo moja ya mchanga.